Kioo Bapa: Mwanga Unavyorudi na Taswira Inavyopatikana

Mwanga husafiri katika mstari ulionyooka hadi ukutane na kitu. Ukikutana nacho, sehemu yake huweza kupenya, sehemu humezwa na kugeuka joto, na sehemu hurudi. Kurudi huko ndiko kuakisiwa. Kila kinachoonekana mchana katika soko la Kwa Vonza, kando ya barabara ya Machakos kwenda Kitui, huonekana kwa njia hiyo: mabati ya maduka, magunia ya ndengu, vumbi la barabarani, nyuso za wateja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye mwanga wake. Vyote huurudisha mwanga wa jua, na macho huupokea.

Kwa karne nyingi baadhi ya wanazuoni wa Ugiriki ya kale walishikilia kwamba jicho ndilo linalotoa miale na kuituma kwenye vitu. Aliyeipindua rai hiyo kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Katika kitabu chake, Kitab al-Manazir, alieleza kwamba mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Jambo hilo lisipokubaliwa, mwenendo wa kioo hauwezi kueleweka. Kioo hakitoi picha yoyote. Hurudisha mwanga kwa utaratibu, basi, na jicho ndilo linalojisomea picha humo.

Mwanga hurudi kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kutawanyika. Uso wenye mikwaruzo, hata mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, hurudisha kila mwale upande wake. Theluji ni mfano mzuri. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, Kivui wa Mwenda, aliona vilele vyeupe vya Mlima Kenya kutoka Kitui, umbali unaozidi kilomita 100. Wenyeji walikuwa wakiuona mlima huo tangu zamani. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, lakini chembe zake zimeelekea huku na huko, kwa hiyo mwanga wake husambaa pande zote. Ndiyo sababu weupe ule ule unaweza kuonekana kutoka Kitui, kutoka Meru na kutoka Nyeri kwa wakati mmoja. Lau kileleni pangekuwa na kioo kikubwa badala ya theluji, mmeto wake ungemfikia mtu aliye katika mwelekeo mmoja tu, na wengine wasingeuona.

Namna ya pili ni kurudi kwa mpangilio. Uso laini hurudisha miale iliyokuja sambamba ikiwa bado sambamba. Ulaini unaohitajika ni mkubwa mno: mabonde na vilima vya uso huo sharti viwe vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, nao haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kioo, maji yaliyotulia na chuma kilichosuguliwa sana hutimiza sharti hilo. Karatasi nyeupe haitimizi. Karatasi hiyo inaweza kurudisha kiasi kikubwa cha mwanga, karibu sawa na kioo, lakini hakuna anayeona uso wake ndani yake. Kwa hiyo taswira haitegemei wingi wa mwanga unaorudi, bali mpangilio wake. Bati jipya la mikunjo nalo hung'aa hadi kuumiza macho, lakini mikunjo yake huvuruga miale, na anayelitazama huona mng'ao bila kuona sura.

Kurudi kwa mpangilio kunafuata sheria mbili. Ili kuzieleza, huchorwa mstari wa kufikirika uliosimama wima juu ya uso wa kioo, mahali mwale unapogonga. Pembe iliyo kati ya mwale unaokuja na mstari huo ni pembe ya kuingia. Pembe iliyo kati ya mwale unaorudi na mstari huo ni pembe ya kuakisiwa. Sheria ya kwanza husema kwamba pembe hizo mbili ni sawa. Sheria ya pili husema kwamba mwale unaokuja, mwale unaorudi na ule mstari wa wima huwa katika bapa moja. Maana yake ni kwamba vyote vitatu vinaweza kuchorwa kwenye karatasi moja iliyonyooka. Mwale haukengeuki kando.

Jua la Kwa Vonza linazithibitisha sheria hizi bila vifaa vingi. Mahali hapo pako kusini mwa ikweta kwa chini kidogo ya digrii moja na nusu. Katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, adhuhuri, jua hupita utosini. Kioo kikilazwa chini wakati huo, pembe ya kuingia ni sifuri, na mwanga hurudi moja kwa moja juu ulikotoka. Tarehe 21 Juni, mnamo saa sita na nusu mchana, jua huwa limeinama takriban digrii 25 upande wa kaskazini. Kioo kile kile, kikilazwa pale pale, huurusha mwanga digrii 25 upande wa kusini. Mwezi Desemba mambo hugeuka: jua huwa kusini kwa digrii 22 hivi, na mwanga ukaelekea kaskazini kwa kiasi hicho hicho.

Katika mtaala wa 8-4-4 nchini Kenya, jaribio la sheria hizi lilifanywa katika somo la fizikia la kidato cha kwanza, na linahitaji ubao laini, karatasi nyeupe, kipande cha kioo, pini nne, rula na kipimapembe. Mstari huchorwa kwenye karatasi, kioo kikasimamishwa juu yake. Pini mbili huchomekwa mbele ya kioo katika mstari wa mshazari. Mwanafunzi huinama upande wa pili, akatazama taswira za pini hizo kiooni, kisha akachomeka pini nyingine mbili zilingane kabisa na taswira zile. Kioo na pini vikiondolewa, matundu ya pini huunganishwa kwa mistari na pembe hupimwa. Penye digrii 30 upande mmoja, pana digrii 30 upande wa pili. Wanaopata majibu yaliyopishana mara nyingi wameuchora mstari kwenye ukingo wa mbele wa kioo, ilhali rangi inayorudisha mwanga imepakwa nyuma. Mstari ulingane na uso wa nyuma.

Kutokana na sheria ya kwanza, taswira hupatikana hivi. Pini ikisimamishwa sentimita 10 mbele ya kioo, miale hutoka kwenye pini hiyo ikielekea pande nyingi. Baadhi yake hugonga kioo na kurudi huku ikizidi kuachana. Jicho likiipokea halijui kwamba miale ilipinda njiani. Hulichukulia jambo kana kwamba mwanga umekuja kwa mstari mmoja ulionyooka, na kwa hiyo huirefusha mistari hiyo kinyumenyume hadi ikutane. Ikichorwa kwa rula, mistari hukutana nyuma ya kioo, sentimita 10 kamili kutoka usoni pake. Pembetatu iliyo mbele ya kioo na ile iliyo nyuma zina pembe sawa na zinashiriki upande mmoja; hivyo umbali wa mbele ni lazima ulingane na umbali wa nyuma.

Taswira hiyo si halisi. Nyuma ya kioo pana ukuta, na hakuna mwale hata mmoja unaofika huko. Karatasi ikiwekwa mahali taswira inapoonekana kuwa, haitapata chochote. Taswira halisi, kama ile ya filamu ukutani, hutokana na miale inayokutana kwelikweli na inaweza kupokewa kwenye skrini. Taswira ya kioo bapa, kwa hiyo, ina sifa tano: si halisi, imesimama kama kitu chenyewe, ina ukubwa sawa na kitu, iko nyuma ya kioo kwa umbali sawa na wa kitu kilicho mbele, na imegeuzwa pande.

Sifa ya tano ndiyo inayozua maswali mengi. Huulizwa kwa nini kioo kigeuze kulia na kushoto lakini kisigeuze juu na chini. Ukweli ni kwamba hakigeuzi chochote kati ya hivyo. Mtu akisimama Kwa Vonza akielekea mashariki, upande wa Kitui, mbele ya kioo, kisha akainua mkono wa kulia, mkono huo uko upande wa kusini. Mkono ulioinuka kiooni nao uko kusini. Kichwa chake kiko juu, na cha taswira kiko juu. Kilichogeuka ni mwelekeo wa uso: mtu anatazama Kitui, taswira inatazama Machakos. Kioo hugeuza mbele na nyuma, yaani ule mwelekeo mmoja tu ulio wima kwa uso wake. Anayeitazama taswira hujifikiria amezunguka kinyumenyume na kusimama pale, na katika mzunguko huo wa kufikirika ndimo kulia kunapokuwa kushoto.

Silanga, yaani bwawa la maji, huthibitisha maelezo hayo. Uso wa maji umelala, kwa hiyo mwelekeo ulio wima kwake ni wa juu na chini, na huo ndio unaogeuzwa. Mgunga wenye urefu wa mita tano ulio ukingoni huonekana majini ukiwa umesimama kwa kichwa, kilele chake kikiwa mita tano chini ya uso wa maji, hata kama maji yenyewe hayafiki magotini. Maji hurudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga unaoyaangukia kutoka juu kabisa. Kadiri mwanga unavyoyajia kwa ubapa ndivyo yanavyourudisha zaidi. Ndiyo maana silanga humeta zaidi jua linapokaribia kutua. Mabwawa ya mchanga, yaliyojengwa kwa mamia katika mito ya msimu ya Kitui, hayana mmeto wowote, kwa kuwa maji yake yamefichwa chini ya mchanga, na mchanga hutawanya mwanga.

Kugeuka huko huonekana waziwazi kwenye maandishi. Jina KWA VONZA likiandikwa kwa herufi kubwa na kuoneshwa kioo, mpangilio wake huanza mwisho. Herufi W, A, V na O hubaki na sura zake, kwa sababu nusu yao ya kushoto inafanana na ya kulia. K, N na Z hugeuka na kuwa herufi zisizosomeka. Katika jina KITUI ni K peke yake inayoharibika. Kwa sababu hiyo magari ya wagonjwa huandikwa jina kinyume kwenye paji la mbele, ili dereva aliye mbele alisome sawasawa katika kioo chake. Saa ya mishale nayo ina kanuni yake: wakati halisi ukijumlishwa na wakati unaoonekana kiooni, jumla ni saa 12. Saa tisa na dakika 20 alasiri huonekana kiooni kama saa mbili na dakika 40.

Umbali sawa wa mbele na nyuma una matokeo mengine. La kwanza linahusu ukubwa wa kioo. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170, ambaye macho yake yako sentimita 160 kutoka chini, huona ncha ya kiatu chake kupitia sehemu ya kioo iliyo sentimita 80 kutoka sakafuni, nusu ya kimo cha macho. Utosi wake huuona kupitia sehemu iliyo sentimita 165. Kioo cha sentimita 85 kinamtosha, mradi kianze sentimita 80 kutoka sakafuni. Kurudi nyuma hakuongezi chochote, kwa sababu taswira nayo hurudi nyuma kwa kiasi kile kile. Anayenunua kioo cha kujitazama mwili mzima anahitaji nusu ya urefu wake tu.

Tokeo la pili linahusu vyumba vya kupimia macho. Chati ya herufi iliyobuniwa na daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862 husomwa kutoka mita 6. Chumba cha mita 3 hutosha ikiwa chati itatundikwa karibu na kichwa cha mgonjwa na kioo kikawekwa ukutani mbele yake. Taswira itakuwa mita 6 kutoka machoni pake. Herufi za chati hiyo huchapishwa kinyume ili kioo kizinyooshe. La tatu ni la mwendo. Anayekiendea kioo kwa mita moja kwa sekunde huiona taswira yake ikimjia kwa mita mbili kwa sekunde, kwa kuwa mtu na taswira hukaribia kioo kwa kasi moja.

Kioo kikizungushwa, mwanga uliorudi huzunguka mara mbili ya kiasi hicho. Digrii moja ya kioo ni digrii mbili za mwale, kwa sababu pembe ya kuingia huongezeka kwa moja na pembe ya kuakisiwa vilevile. Watoto wanaochezea doa la jua kwa kipande cha kioo huliona jambo hili: mkono ukitikisika kidogo, doa hukimbia. Kwenye umbali wa kilomita moja, digrii moja ya kioo hulihamisha doa takriban mita 35. Doa lenyewe hubadilika sura kwa umbali. Karibu, hufuata umbo la kioo, liwe la mraba au la pembetatu. Mbali, huwa la mviringo hata kipande kiwe na umbo gani, kwa kuwa limekuwa taswira ya jua lenyewe, na jua huchukua nusu digrii ya anga. Mchezo huo usielekezwe machoni pa mtu, na zaidi ya yote usielekezwe kwa mwendesha bodaboda au dereva aliye barabarani.

Vioo viwili vikiwekwa pamoja, kila taswira huwa kitu kipya kwa kioo cha pili. Katika duka la kinyozi lenye kioo mbele na kioo nyuma, vikiachana mita 4, mteja aliyeketi mita moja kutoka kioo cha mbele huona uso wake wa kwanza mita 2 mbele yake. Kisogo chake hukiona mita 8 mbele, kisha uso tena mita 10, kisogo mita 16, na msururu ukaendelea. Kinadharia hauna mwisho. Kwa hakika hufifia, kwa sababu kioo cha kawaida kilichopakwa alumini hurudisha takriban asilimia 90 ya mwanga. Baada ya kuakisiwa mara kumi, hubaki theluthi moja hivi. Taswira za mbali huwa pia na ukijani, kwa kuwa chuma kidogo kilichomo katika kioo humeza rangi nyingine zaidi kuliko kijani.

Vioo vikikutana kwa pembe, idadi ya taswira hupatikana kwa kugawa 360 kwa pembe hiyo na kutoa moja, pembe hiyo inapougawa mduara sawasawa. Pembe ya digrii 90 hutoa taswira 3. Ya digrii 60 hutoa 5. Taswira ya kati ya vioo vya digrii 90 imegeuzwa mara mbili, na kwa hiyo hunyooka: humo KWA VONZA husomeka vizuri. Vioo viwili sambamba vilivyoinamishwa digrii 45 katika bomba hufanya periskopu, kifaa cha kuonea juu ya ukuta au juu ya vichwa vya watu.

Vioo vitatu vilivyokutana kama pembe ya ndani ya sanduku hurudisha mwale kule kule ulikotoka, hata uje kutoka upande gani. Viakisi vya plastiki vilivyofungwa nyuma ya malori na baiskeli vimejaa vipembe vidogo vya namna hiyo. Usiku, taa za gari zinapoviangukia, mwanga humrudia dereva mwenyewe. Viakisi vya aina hiyo hiyo viliachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969. Miale ya leza ikitumwa kutoka duniani hurejea baada ya sekunde mbili na nusu, na kwa muda huo wanasayansi hupima umbali wa mwezi, wastani wa kilomita 384,400.

Vioo vya leo vina asili yake katika kazi ya mkemia Mjerumani Justus von Liebig, ambaye mwaka 1835 alionyesha namna ya kutandaza utando mwembamba wa fedha juu ya kioo. Siku hizi alumini nayo hutumika kwa kuwa ni nafuu. Utando hupakwa nyuma na kufunikwa kwa rangi ili usikwaruzike. Uso wa mbele wa kioo nao hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na ndiyo sababu ncha ya kalamu ikigusishwa kiooni huonekana kuwa na taswira mbili, moja hafifu na moja kali.

Kioo cha ndani ya gari kwa kawaida ni bapa, na umbali unaoonekana humo ni wa kweli. Vya ubavuni mara nyingi vimebinuka. Huonyesha eneo pana lakini hupunguza ukubwa, hivyo gari linalofuata huonekana kuwa mbali kuliko lilipo. Dereva anayetaka kulipita gari jingine katika barabara ya Kitui asiupime umbali kwa kioo cha ubavuni peke yake.

Shule isiyo na maabara haina sababu ya kuiruka mada hii. Vipande viwili vya kioo, pini nne, karatasi na kipimapembe vinatosha kuifundisha yote, tangu sheria ya pembe mbili hadi taswira tatu za vioo viwili, na jua la Ukambani halitozi ada.